Haki ya Tarakimu

Mtambwe, msimu wa karafuu,
kituo kinanuka hata misumari yake
ungeilamba ingekuwasha ulimi.
Nilikabidhiwa madaftari mawili na karani mmoja,
Asaa Mbarouk,
shati limepigwa pasi mpaka kola inakata.

Daftari la kwanza lilikuwa la marehemu Bi Riziki Faki.
Wino umevuja, kurasa zina vidole vya mafuta ya taa.
Kilo 117. Kilo 14. Kilo 23.
Kilo 1,080, shamba la wakfu.
Kilo 31. Kilo 12 na nusu, mjane wa Daya.
Kilo 19, *na makonyo tele, nimemrudisha akachambue.*

Sikuhesabu uzito. Nilihesabu vichwa:
kila namba iliyoingia mlangoni imemtanguliza nani?
Moja, moja, mbili, moja, tatu, moja,
nane kama mgeni aliyepotea njia,
na tisa, nilifunua kurasa sita sijamwona.

Nikasema labda ni kilo zinazompendelea.
Nikazigeuza frasila, kisha pishi za zamani.
Kila namba ikavua nguo ikavaa nyingine:
waliotanguliza moja wakatanguliza saba,
waliotanguliza mbili wakatanguliza moja,
na hesabu ya vichwa, ajabu, ikarudi ile ile.
Moja mbele.
Tisa kule nyuma, anafunga mlango.

Mimi nililifahamu kwa miche.
Mwenye mikarafuu mia apande, apalilie, apande tena:
mia na kumi, mia na hamsini, mia na tisini,
mtoto aliyezaliwa siku ya mche wa kwanza ameshaota meno,
na bado ni moja anayetangulia,
mpaka shamba lizae shamba zima jingine.
Akifika mia mbili, nusu ya alicho nacho yatosha kumhamisha.
Akifika mia nane, thumni tu.
Na mia tisa ni kizingiti, si chumba;
nani aliyelala kizingitini?
Kisha elfu, na moja anarudi kitini
kwa kikao kirefu.

Mana mvua haimwongezei kila mtu kilo kumi.
Humwongezea robo ya alicho nacho.
Wadudu hula theluthi. Mirathi hukata sudusi.
Dunia haijumlishi, wallahi, inazidisha na kugawa,
na anayezidisha hukawia penye moja.

Daftari la pili lilikuwa safi kama sahani ya mgeni.
Kilo 63. Kilo 48. Kilo 95. Kilo 57. Kilo 72.
Mistari tisini na tisa.
Moja kumi na moja, mbili kumi na moja,
tatu kumi na moja, mpaka tisa, kumi na moja.

Nilimwuliza bila kupaza sauti.
Akaitazama mizani kana kwamba ndiyo iliyosema.
"Wa kweli ni arubaini," akajibu. "Waliobaki niliwazua.
Lakini niliwagawia sawa, dada.
Nilitia alama pembeni, nani hajapata zamu.
Nilihofu nikimpendelea mmoja, mtajua."

Sikujua nicheke.
Kituo kile kile mjane wa Daya
alikatwa kilo mbili, ati unyevu,
na waliopewa haki yao kwa mizani iliyonyooka
ni tarakimu.

Nikajumlisha kilichopotea.
Milioni moja, laki sita na ushei.
Nikaitazama ile moja kwa muda.
Hakuipangia zamu. Ilikuja yenyewe.

Asaa akaomba nimhesabie tena.
Nilikuwa nafika penye laki
mvua ilipopiga bati, ghafla, bila wingu la kuaga,
na nje majamvi ya watu yamejaa.
Akaruka na kola yake ile, akashika ncha.
Nikaacha kalamu wazi juu ya daftari
nikashika ncha ya pili.