Ngozi Iliyokaliwa

Simba aliuawa Itundu, mwezi wa kurina asali,
ndama bado mdomoni, naye hajui sheria.
Sheria aliijua Mpagama, mwanangwa wa mpakani:
ngozi ya simba ni ya mtemi, kucha ni za mtemi,
hata mafuta yanayodondoka majanini
ni ya mtemi, aliye mwendo wa siku tatu.

Akaitandika barazani kwake. Akaikalia.

Basi. Hakupiga ngoma, hakutuma mshale,
neno uasi halikumtoka. Alikaa.
Wapagazi wa chumvi ya Uvinza wakamwona,
wakaibeba habari juu ya mizigo yao,
na habari si chumvi, haiyeyuki kwa mvua.

Mimi nimesimuliwa na shangazi Nyanzala,
karani wa mizani katika ghala la tumbaku, Urambo,
mtu asiyeamini uzito wowote asioupima mwenyewe.
Alisema: Usiniulize kama alikuwa shujaa.
Niulize alikuwa anadai nini.

Alikuwa anadai pembe.
Tembo akianguka, pembe iliyogusa ardhi ni ya mtemi,
ya juu ni ya mwindaji. Ndivyo walivyoapa waliotangulia.
Kisha akatawazwa Kapela, mtoto wa dada,
maana kwetu zamani kiti kilipita tumboni mwa dada,
na mwana wa mtemi, kama Mpagama,
alirithi kijiji cha mbali na jina la heshima.
Kapela alikuwa na watu wa bunduki wa kuwalisha.
Akatangaza kwamba tembo wa siku hizi
huanguka kifudifudi.

Baraza zima likacheka.
Mpagama aliyahesabu meno yao.

Walikuja kiangazi, mia nne, vitambaa vyekundu vichwani,
na wao pia hawakupigana. Wao pia walikaa.
Walikaa juu ya kisima.

Ndani ya boma, nyuma ya ua wa minyaa,
mlikuwa na mtama, mlikuwa na kuku,
na mitungi arobaini ya asali.
Umewahi kuramba asali ukiwa na kiu?
Siku ya sita watoto waliacha kulia, koo zimenata.
Siku ya tisa mtu alilamba umande kwenye jembe.
Mpagama bado yuko barazani, juu ya manyoya,
mgongo wima, midomo imepasuka,
akisema haki iko upande wetu.
Na ilikuwa upande wao, alisema shangazi. Ndiyo shida yake.
Haki hainyweki.

Siku ya kumi na moja, alfajiri, Kalunde mkewe
alijitwika kibuyu kitupu, akaondoa magogo ya lango
moja, la pili, la tatu,
akatoka.
Hakuomba radhi kwa aliyekuwa ndani wala waliokuwa nje.
Wenye bunduki wakampisha, kama anavyopishwa
mwanamke yeyote anayekwenda kuteka maji asubuhi.

Nyuma yake alitokea Mpagama,
ngozi ameikunja, ameibeba kichwani kama mpagazi.

Kapela alimsamehe mbele ya watu. Akampa uhai,
akampa na kijiji kingine, huko kwenye mbung'o,
karibu na kinamasi cha Ugalla,
ambako ng'ombe hawaishi na simba wanakonda.
Ngozi aliikalia yeye mvua mbili, mchwa wakaimaliza.
Kuhusu pembe, hakuna aliyeuliza tena.

Hapo shangazi alinyamaza, akaanza kuosha vyombo.

Lililobaki nimelisikia kwa wengine:
kwamba mwaka ule mnunuzi alipokata kilo mbili
kwa kila robota, akidai ni unyevu,
na ukame ule tulikuwa tunaufahamu sote,
karani Nyanzala alifunga daftari,
akaweka kalamu sikioni,
akapanda juu ya robota la mzee Mhoja
akalikalia.

Saa tatu hadi magharibi.
Wakamletea maji. Aliyanywa yote.
Ijumaa yake wakamfukuza kazi.