Udongo wa Pasua

Bwana Lyakurwa,
dereva wako amefika leo asubuhi
na gunia tupu na karatasi yenye mhuri.
Amesema: Mama Ndeshi, nipe jezi za timu,
seti mbili, ya nyumbani na ya ugenini.
Nikamuuliza, ya nyumbani ni ipi?
Akatazama chini.

Ni kijana mwema. Nimempa chai.

Miaka kumi na tisa nimewafulia Nyuki.
Namjua mchezaji kwa ukosi kabla ya sura:
namba sita huutafuna akiogopa,
Mbonea, namba tatu, hujifuta pua kwa mkono wa kushoto,
kipa hunuka dawa ya misuli na karanga.
Nilijua tumefungwa kabla redio haijasema.
Jezi za kushindwa huja zimekunjwa vizuri;
za ushindi huja zimekumbatiana mikono,
kuzitenganisha ni kazi.

Wewe ulikuja mwaka ule wa madeni.
Ukalipa, tukakushangilia, sikatai.
Ulisimama juu ya meza ya kuuzia tiketi
ukasema, fuata nyuki ule asali.
Tukafuata. Kwa miguu hadi Himo, kwa lori hadi Same,
Ndelilio fundi baiskeli akipiga debe la rangi
mpaka likatoboka, akanunua jingine.
Nyavu za goli ni mia tano mia tano zetu,
na za wauza ndizi wa Kiboriloni
ambao mpira wenyewe hawaujui.
Asali hatukuionja.
Nta tuliiona, iking'aa kwenye viatu vyako.

Kisha Jumanne, saa tisa usiku,
basi likatoka taa zimezimwa
kama mtu anayemtoroka mkewe.
Asubuhi tangazo getini, gundi bado mbichi:
timu imehamia Mtwara kwa sababu za kibiashara.
Mzee Eliringia, mkata tiketi, alilisoma mara nne
akidhani kosa ni la miwani.
Mtwara!
Sina ugomvi na watu wa Mtwara.
Nao wana haki ya timu,
ila ya kuzaa wenyewe.

Jumamosi tulikwenda uwanjani hata hivyo.
Watu kama mia mbili, hakuna aliyetuita.
Saa kumi kamili tukasimama.
Nyasi, mbuzi wawili wa jirani, kivuli cha goli.
Ndelilio akapiga debe mara moja, akaacha.
Mtoto wa Anaeli akauliza, leo tunacheza na nani?
Kimya.
Dakika ya ishirini, kutoka jukwaa la mbao,
mtu akapaza sauti: Refa, ameotea huyo!
Tukacheka.
Tukacheka mpaka wengine wakafunika nyuso
na hawakuzifunua upesi.

Unasema timu ni yako, karatasi unazo.
Unazo.
Mimi nina miezi mitano ya sabuni usiyolipa,
nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango.
Ukitaka, tuma watu wang'oe na mlango,
uhamie nao.

Basi jezi nimezitoa, dereva ni shahidi.
Ni zile za mechi ya mwisho, ya mvua,
tulipotoka sare na kuimba kama mabingwa.
Soma polepole, Bwana Lyakurwa: sikuzifua.
Zimekauka na udongo wa Pasua vifuani,
magotini, mgongoni alipoangukia Mbonea.
Huko atakayeziloweka ataona maji yamekuwa mekundu
na atamwaga, bila kujua anamwaga nini.

Ukihesabu, moja itapungua.
Namba kumi na saba, ya yule mvulana wa akiba
aliyekaa benchi msimu mzima asiingizwe.
Haikuwahi kupata doa.
Niliifua kila wiki na zenzake, isijione mpweke.
Iko kambani sasa.
Leo kuna jua.