Meli Mbili

Saa kumi na mbili na robo, kituo cha Bistrica.
Treni imekwenda zake na kelele zake.
Drejc ananishikisha ufito,
mita tatu za mti mwepesi, umepigwa msasa ukalainika:
yeye mbele, mimi kati, Milojka nyuma,
tumetungwa kama nyama kwenye mshikaki.
Ufito ukiinuka, nainua mguu.
Ukizama, moyo hutangulia goti.
Ukisimama, nasimama, wala siulizi.

"Jiwe kushoto. La goti."
"Mzizi. Mwingine. Aa, ukoo mzima."
Ndivyo anavyosema Drejc, fundi wa lifti,
mtu wa kupima dunia kwa kiwiko.

Msituni nasikia harufu kabla ya sauti:
uyoga, kisha maji yenye ladha ya chuma,
kisha sabuni ya mwanamume mwenye haraka.
Alimsalimu Drejc, akamsalimu Milojka,
mimi akanipita kama kisiki.
Majani ya mwaka jana yananifika kifundoni.
Nayapiga teke. Hakuna anayenikataza.

Mlima huu kwetu ni Črna prst, Udongo Mweusi.
Ila *prst* ni udongo, na *prst* ni kidole vilevile,
na mimi kidole ndicho ninachosomea.

Halafu miti ikaisha.
Upepo uliokuwa ukisengenya juu ya kichwa
ukanishukia usoni, bila mkalimani.
Kulia hakuna kitu. Utupu nao una sauti:
unakohoa, na kikohozi hakirudi.
Naona kizunguzungu, mimi.
Naona baridi, naona kiu,
naona haya kidogo kwa kuhema kama ng'ombe.
Mkono wangu umeganda kwenye ufito
kama umeota pale.

Kileleni Drejc akasafisha koo.
"Kaskazini, ziwa. Bluu. Bluu ya...
ya lile bakuli la mama yako."
Hajawahi kuliona bakuli la mama yangu.
"Kusini mabonde, mapaa, mnara wa kanisa.
Na mbali kabisa, bahari."
"Bahari?"
"Bahari. Na meli mbili."

Kope zangu zilikuwa zimelowa.
Ukungu haunifichi kitu:
huja na kitambaa chake cha maji
ukafuta kila mwangwi ukutani,
na sauti ya mtu aliye hatua tano
huifunga kwenye pamba.
Pale tuliposimama
Drejc hakuwa anaona hata kamba za buti zake.

"Rangi gani?" nikauliza.
Kimya.
"Moja nyekundu. Ya pili... ya pili inahitaji kupakwa."

Ufito ukatetemeka kiganjani mwangu.
Ni Milojka, nyuma, anameza kicheko,
nacho kimepitia mtini kama umeme kwenye waya.
Mimi sikusema neno.
Miaka kumi na tisa watu wananitajia vilivyopo,
kwa sauti ya karani:
ngazi, mlango, gari, subiri.
Hakuna aliyewahi kunitungia bahari.

Kibandani, chai ya limau, kikombe cha bati
kinachounguza mdomo na kuacha mikono na baridi yake.
Wakapiga mhuri wa kilele kwenye kijitabu changu.
Wino hauna mgongo, hausomeki;
nikaugusa kabla haujakauka.
"Umeuharibu!" akalia Milojka.
Kidole kikawa cheusi.
Sikukifuta.

Magoti yalilipa kila kitu wakati wa kushuka,
hayo siyasimulii.

Sasa treni. Drejc amevua buti, nasikia,
behewa zima linasikia.
Ananiuliza kama nimechoka.
Namuuliza ile meli ya pili,
ile isiyopakwa rangi, ilikuwa inaelekea wapi.

Tumeingia handakini.
Bado anafikiri.