Bamba la Kumi na Saba

Edilma hupima unyevu kwa shavu.
Huteka makapi ya kahawa kiganjani,
huyabandika chini ya jicho, husubiri kidogo,
kisha husema: bado. Au husema: leta.
Kipimo cha betri kiko mezani, kimelala.

Mianzi tuliikata alfajiri, mwezi ukipungua,
bondeni kule Calarcá, saa ambayo maji hushuka shinani
na ule utamu unaowaita dumuzi hushuka nayo.
Otoniel haamini mwezi. Anaamini boraksi.
Tunafanya yote mawili, hatugombani.

Zamani makapi haya yalichomwa.
Nilikulia nyuma ya kinu cha akina Londoño,
moshi ukiingia hata kwenye maziwa,
na baba akikohoa kwa zamu, kama mlinzi.
Hakuna aliyeuliza. Taka ni taka.

Sasa tunayachekecha, tunayatia gundi
mpaka yashikane mkononi kama donge la unga wa mahindi,
tunayatandaza kati ya mikeka miwili ya mwanzi uliopasuliwa,
na mashine inabana, tani juu ya tani, chuma kikiwaka,
dakika ishirini na mbili.
Muda huo hatuzungumzi. Hata redio tunaipunguza.

La kwanza lilivimba kama shavu lenye jino bovu.
La nne liliachana tabaka kwa tabaka, kimya kimya,
kama watu wa nyumba moja.
La tisa liliungua, likanukia kahawa, tukacheka,
kisha tukakumbuka bei ya gundi.
La kumi na mbili mnunuzi wa Pereira aliligonga kwa ufunguo wa gari,
akasikiliza, akaaga.
Chema chajiuza, husemwa. Chetu kilirudi
mgongoni kwa pikipiki ya Otoniel, kimefungwa kamba.

La kumi na saba tuliliacha mvuani siku tatu.
Ya nne, asubuhi, Edilma akalipanda na mabuti yake ya mpira,
akaruka mara moja, akaruka tena,
mama wa miaka sitini na mmoja.
Halikusema kitu.

Nimelifanya mlango wa chumba cha baba.
Usiku, usingizi ukimkataa, hulipapasa kwa kidole,
husema anayajua makapi haya:
ni ya mavuno madogo, yale yaliyonyeshewa,
ya mteremko wa upande wa mto.
Nilitaka kumbishia.
Lakini yeye aliyavuta miaka arobaini.
Mimi nayajua kwa mikono tu.