Makadirio

Kwanza boti.
Ya Bwire ina mbao mpya ubavuni
na injini ya farasi arobaini inayokohoa mpaka ipate moto.
Kutwa nzima laki moja na nusu, mafuta juu yetu.
Naandika nyuma ya risiti ya saruji,
maana Lugembe hana daftari, ana ndoto tu.

Amerudi kutoka kusini kabisa, alikokuwa akiosha vyombo hotelini,
na simu iliyopasuka kioo, yenye picha moja:
watu wamo ndani ya tundu la chuma, baharini,
na papa mweupe, mrefu kama kontena,
anapita mbele yao polepole,
kama mtu anayechagua nyanya.
"Wanalipa," anasema. "Wanalipa ili waogope."

Ziwa letu halina papa.
Lina sangara, lina furu, lina kamongo kwenye matope,
na lina yule ambaye huku Luchelele
hatumtaji jina tukiwa na ndoo mkononi.
"Basi huyo huyo," anasema Lugembe.

Pili kizimba.
Neno hili lina vibarua vingi mjini.
Kuna vizimba vya sato, vya mkopo, vinaelea pale mbele;
kuna kile cha mahakamani, aliposimama mjomba
kwa kosa la nyavu za macho madogo;
na sasa hiki, cha kumfungia mtu
ili mnyama atembee huru.
Masalu fundi alicheka mpaka miwani ya kuchomelea ikamdondoka.
Akaiokota, akaifuta kwa shati,
akauliza: nondo ya milimita ngapi?

Maji sikuyaandika mwanzoni. Hapo ndipo hesabu ilipogoma.
Kwenye picha bahari ni kioo.
Haya yetu ni mlenda: nilizamisha mkono mpaka kiwikoni
na vidole vyangu vikaniaga.
"Sasa mteja ataona nini?"
Lugembe akakuna kidevu.
"Ataona kwamba haoni.
Hiyo ina bei yake."

Chambo ni utumbo wa sangara, kiwandani wanautupa.
Karatasi ya kusaini, kwamba ukiliwa usidai,
tutamwomba mwalimu Bugingo aiandike vizuri.
Tukafika kwenye bei, tukabishana mpaka chai ikaota ngozi,
dola hamsini, dola mia, mwenyeji nusu,

ndipo Nshoma akaacha dagaa zake chanjani,
akaja na magamba mpaka kwenye nyusi.
"Niandikeni."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Niandikeni wa kwanza. Hiyo nusu sitaki,
nitalipa yote, kidogo kidogo.
Wageni mtawatoza wamwone.
Mimi nilimwona bure, mwaka ule wa mvua nyingi,
na sikumwona vizuri.
Niliona ndoo inaelea.
Niliona maji yamejifunga
kama vile hayajapata kufunguka."

Hakuna aliyemtaja Kabula.
Lugembe alizima simu yake, akaigeuza kifudifudi.
Mimi nikaandika jina la mama yake kwa penseli,
halafu nikalipitia tena kwa kalamu,
nikaona risiti imetoboka.

Leo Masalu ameshaunga pande tatu.
Nshoma alipita karakana akitoka kuuza,
beseni tupu kichwani,
akasimama mbele ya chuma kilichokuwa bado na joto
akapitisha mkono kati ya nondo na nondo:
kiganja, kiwiko, mpaka bega likagota.

"Nafasi imekuwa kubwa mno, mama," Masalu akasema.
"Nitaongeza nondo moja hapo."

"Acha hivyo hivyo."

Beseni halikutikisika.
Mkono ulikuwa bado upande wa pili,
umekunjua vidole.