Makosa Tisa

Saa nne usiku, Mbagala Kizuiani.
Umeme umekatika tangu magharibi,
nasahihisha kwa tochi ya simu
niliyoiegemeza kwenye chupa ya maji.
Kidato cha Kwanza B. Insha: mama yangu.
Kwa Kiingereza, mistari kumi na miwili, asinakili mtu.

Daftari la sabini na moja limempa kila kitu "the":
the Mama, the Mungu, the Jumapili,
kila jina na mlinzi wake getini.
Nimecheka peke yangu, nikafungua la sabini na mbili.

Zamoyoni Pazi. Mwandiko wa kuinama,
herufi kama zinapandisha kilima cha Kongowe na mzigo.
Mama yangu, kaandika, "he" anaamka saa kumi alfajiri,
"he" anakanda unga wa maandazi,
"he" anadai wakopaji, "he" analipa kodi,
"he" anafuata mafuta Rangi Tatu kwa miguu,
"he" halii.

Nikazungushia duara. Moja. Mbili.
Zilipofika tisa ukurasa ukawa na ndui.

Lakini kosa la nani? Lugha iliyomlea
haimfunui mtu kanga kabla ya kumtaja.
Anapika, anatawala, anazaa, anazika:
a- moja tu, mfalme na mpishi wameivaa.
Sisi tulihangaika na mengine.
Kiti na kisu tukawapangisha nyumba moja,
mti na mto wakawa majirani,
chura naye tukaona ana roho, aingie kwa watu.
Mwingereza akatazama mume, akatazama mke,
vilivyobaki akavitia gunia moja
akaenda zake kunywa chai.

Na Jumatatu niliwafundisha kusoma hadithi.
Mhusika ni nani, anataka nini, nani kamzibia njia.
Dhamira haitangazwi, nilisema,
inanuswa, kama samaki wa jirani.
Neno likirudi mara tisa, simama hapo:
mwandishi hapotezi wino bure.

Basi nikasimama.
Mara tisa! Nikaona mama aliyegeuka baba.
Nikaona msumari ukutani usio na koti,
sahani moja isiyopakuliwa tena.
Nikarudi kwenye lile "he" halii
nikalisoma kwa sauti, gizani,
pua ikaanza kuniwasha.
Kidogo nimpe tisini.

Asubuhi nikamwita kando ya bomba.
"Zamoyoni, mama yako... mbona umemwandika hivi?"
Kwa sauti ile ya kuingilia msibani.
Akazikagua duara zangu, moja moja.
"Nilisahau, mwalimu."
"Basi?"
"Basi. Halafu baba anakusalimia,
anasema mchango wa mtihani ataleta mwenyewe Ijumaa."

Nikamwambia akarudie.

Alirudia wakati wa mapumziko, ulimi nje,
wenzake wanagombea mihogo ya kukaanga.
Tisa zote zikawa "she". Safi.
Tena kaongeza aya, ambayo sikuiomba:
mwenye nyumba alikuja jana na kufuli mkononi,
"she" akasimama mlangoni, "she" akahesabu noti mara mbili,
mama akamkaribisha andazi, "she" akala.

Nikatabasamu, tabasamu la mtu anayejua.
"Umeona sasa? Umezidisha.
Ukishajifunza kitu usikipake kila mahali."
Na kalamu yangu ilikwisha zunguka, mara tatu, nyekundu.

"Mwenye nyumba ni Bi Sikudhani, mwalimu.
Ana nyumba nne Charambe.
Hata hiyo unayokaa wewe, si ni yake?"

Ni yake. Kodi yangu yenyewe inaisha tarehe tano.

Kalamu nyekundu haina kifutio.
Nikatafuta nafasi pembeni, chini ya duara zangu tatu,
nikaandika kwa herufi ndogo kuliko zote za muhula ule:
sahihi, sahihi, sahihi.
Kosa la mwalimu.