Visanduku

Sanduku la nguo, lililofungwa kwa kamba.
Sanduku la barua, majina matatu yamebandikwa juu ya moja.
Sanduku la kura.
Sanduku la mwisho, lile lisilo na mpini wa ndani.
Na hiki kidogo, kisanduku cha fomu,
ukubwa wa punje ya hindi,
ambacho Verna Kuhlmann ametumwa akitie alama
nyumba kwa nyumba, Elsdorf, jimbo la Nebraska,
mwezi wa tano, upepo ukinuka damu ya ng'ombe.

Ni mara yake ya nne kuuhesabu mtaa huu.
Mara ya kwanza alimaliza kabla ya chai ya saa nne:
Kuhlmann, Kuhlmann, Oehlrich, Kuhlmann,
mjane Oehlrich na paka wake
(paka hawahesabiwi, mama, alimwambia).
Kalamu ilikwenda yenyewe, kisanduku kile kile,
kama mtu anayepigia mstari neno
ambalo hakuna aliyelibishia.

Kisha vijana wakaenda Omaha, wakaenda Denva,
wakabaki wazee na madirisha.
Kisha kiwanda cha nyama kikafunguliwa upya, zamu tatu.
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Elsdorf haikungoja ya tatu.
Siku ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri,
mgeni alikabidhiwa kisu na glavu za waya.

Namba kumi na mbili. Bwana Ixcoy hajalala tangu zamu ya usiku.
Fomu inamwita Mhispania;
Kihispania chenyewe alikijulia shuleni, kwa fimbo.
"Mama yangu alikuwa Mk'iche'. Andika hivyo."
Nafasi haitoshi. Verna anaandika ukingoni.

Namba kumi na nne, kwa Naw Paw Wah, Mkaren,
viatu vimejaa kizingitini.
Verna anahesabu viatu, anahesabu watu,
hesabu mbili zinakataana.
"Wengine wako kazini."
"Kazini bila viatu?"
"Kule wanavaa mabuti."
Wanacheka wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake.

Namba kumi na sita, Nyakuoth Gatluak hatazami fomu,
anatazama mkono.
"Kambini tuliandikwa mara tatu, kila mara jina jingine.
Hiyo kalamu yako ni ya nini?"
"Ya risasi," anajibu Verna,
na neno likiisha kutoka ndipo analisikia.
Anairudisha mfukoni. Anatafuta ya wino.

Kilimani, makaburini, mji haujabadilika:
Kuhlmann, Oehlrich, Kuhlmann.
Mchonga mawe, Amundson, amelipwa jiwe moja la Kiburma;
wiki ya pili sasa anajaribia duara kwenye ubao,
analalamika kwamba granaiti haitaki kupinda.
Bondeni, mwalimu wa darasa la kwanza
anasoma orodha polepole, kidole chini ya kila jina.

Namba kumi na nane anafungua mtoto,
kitukuu cha mjane Oehlrich, macho ya akina Ixcoy.
"Naweza kuweka alama mbili?"
"Unaweza."
"Na paka?"

Jioni, jikoni kwake. Watu katika nyumba hii: mmoja.
Bibi yake alitoka Volga, Mjerumani kwa Warusi,
Mrusi kwa Wajerumani wa hapa waliomtangulia,
wakamwacha aketi benchi la nyuma kanisani.
Halafu, mwaka fulani, karani fulani
akamtia alama pamoja na wengine wote.
Hakuna aliyemwambia siku aliyoacha kuwa mgeni.
Labda alikuwa anakamua ng'ombe.

Sanduku lake liko chini, stoo,
lina kibandiko cha herufi ambazo Verna hawezi kuzisoma.
Anashuka na tochi, anakifuta vumbi kwa kiganja.
Juu, mezani, fomu inangoja,
kalamu ya wino haina kifuniko, inakauka.